Funguo Mbili za Kabati

Mtoto akilia usiku Gatwekera, ndani ya Kibera, kilio chake si cha nyumba moja. Ukuta ni mabati, au udongo uliosiribwa juu ya fito, na kitanda cha jirani kimeegemea ukuta huohuo kwa upande wa pili. Ndugu yangu mdogo alipolia, ploti nzima iliamka. Mzee mmoja wa mlango wa kushoto alikuwa akigonga bati mara mbili, taratibu. Hakugonga kwa hasira. Alitujulisha kwamba yuko macho pamoja nasi. Namkumbuka kwa mlio huo wa bati kuliko kwa sura yake.

Ndugu yangu ana selimundu. Siku hizo jina hilo hatukulijua, tulisema sikoseli, na wazee wa kwetu kando ya Ziwa walikuwa na maelezo yao kuhusu watoto wa namna hiyo, maelezo ambayo mama alikataa kuyarudia mbele yetu. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu oksijeni inapopungua, zikakwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama mfupa hukosa damu. Hayo ndiyo maumivu yenyewe. Majirani zetu wengi wa Gatwekera na Kisumu Ndogo wametoka pande za Ziwa Victoria, ambako malaria imeishi na watu kwa vizazi, na ndiko ugonjwa huu ulikokita mizizi. Aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayelilipa deni la kinga hiyo.

Usiku ninaoukumbuka zaidi ni wa Julai 1996. Baridi ya Julai ndiyo iliyokuwa ikimwanzishia. Alikuwa na miaka kumi, mimi kumi na mitano. Gari haliingii kule ndani, kwa hiyo tuliazima mkokoteni wa jirani aliyekuwa akiuza maji, tukashusha mitungi, tukatandika blanketi na kumpandisha hadi stendi ya Olympic. Kila gurudumu lilipoangukia shimo alipiga yowe. Kazi yangu ilikuwa kuinua miguu yake isiguse mbao. Hadi leo mikono yangu inaujua uzito wa miguu ile.

Hospitali ya umma tuliyofika sitaitaja. Walimdunga diklofenaki kwenye paja. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, bado analia. Mama akamwendea nesi. "Sista, tafadhali, hii haijamsaidia." Nesi yule alikuwa mpole, na hilo lazima niliseme. Akaeleza kwamba dawa yenye nguvu ipo, pethidini, lakini imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda nyumbani, atarudi asubuhi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri mwema: "Na hata ingekuwepo, mama, mtoto akishaizoea hiyo utakuja kulea teja."

Mtoto wa miaka kumi. Mama alirudi akaketi, asiseme neno mpaka kulipopambazuka.

Saa mbili asubuhi walimdunga. Sijui kwa nini niliitazama saa ya ukutani, lakini niliitazama. Baada ya dakika kumi hivi ngumi zake zililegea. Kilio kikawa mguno, na baadaye kidogo hata mguno ukaisha. Tangu jana yake hatukuwa tumesikia kimya, na kimya hicho kilimtisha mama kuliko kilio. Akaweka kiganja chini ya pua ya mtoto, akakiacha hapo. "Anapumua," akasema. Muda ukapita, akasema tena, bila kuulizwa na mtu: "Anapumua."

Mama aliishia darasa la nne. Miaka michache baadaye ningekaa chuoni nikifundishwa, kwa maneno marefu, jambo lilelile alilokuwa akilifanya asubuhi ile.

Nilihitimu uuguzi mwaka 2005 na kupangiwa wodi ya upasuaji. Siku ya kwanza nesi msimamizi alinipeleka kwenye kabati. Lilikuwa la chuma, dogo, limefungwa ndani ya kabati jingine la mbao, kila mlango na ufunguo wake. Wauguzi wote wa Kenya huliita DDA, herufi zilizobaki kutoka jina la Kiingereza la sheria ya zamani ya dawa za hatari, ingawa tangu mwaka 1994 nchi ina sheria nyingine ya mihadarati, yenye kifungo hata cha maisha kwa mlanguzi. Ndani mlikuwa na visanduku vitatu: ampuli za mofini za miligramu 10, za pethidini, na chache za fentanili zilizokuwa zikingoja kupelekwa chumba cha upasuaji. Kando yake rejista yenye jalada gumu. Tarehe, saa, jina la mgonjwa, kiasi alichopewa, kiasi kilichomwagwa, sahihi ya mdungaji, sahihi ya shahidi, na ampuli zilizosalia. Kila zamu ikibadilika, anayeondoka na anayeingia walihesabu pamoja kwa sauti, wakigusa chupa moja moja kwa kidole.

Wiki yangu ya pili ampuli ya mofini iliniponyoka. Ampuli ni kitu kidogo sana, kioo chembamba kama cha taa ya Krismasi, na maji yaliyomo hayajazi hata kijiko. Ilianguka sakafuni ikapasuka, na mimi nikabaki nimesimama kama niliyeua mtu. Nesi msimamizi aliinama, akaokota vipande, akavifunga kwenye karatasi, akaandika sentensi mbili rejistani na kunipa kalamu nitie sahihi. "Ukivunja, vunja mbele ya watu," akaniambia. Jioni hiyo nilielewa kwa nini wenzangu wengi waliona heri mgonjwa alie kuliko kulifungua kabati lile. Kila ampuli ilikuja na hofu ya karatasi: hesabu isipolingana, unaulizwa wewe. Parasetamoli haimwulizi mtu.

Niliogopa pia, ila nilikuwa nimeshika miguu kwenye mkokoteni.

Chuoni tuliambiwa kwamba mfamasia kijana wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, ndiye aliyeitoa mofini kwenye utomvu wa mpopi mwanzoni mwa karne ya 19, na kwamba sindano ya kudunga ilipobuniwa katikati ya karne hiyo, dawa ile ilipata njia ya haraka ya kuingia mwilini, na ajali zake zikapata njia hiyohiyo. Namna inavyofanya kazi si fumbo. Ubongo na uti wa mgongo vina mahali ambapo mwili huipokea, na ikishatua hapo habari za maumivu hufifia. Tatizo ni kwamba sehemu ya ubongo inayoamuru kifua kipande na kushuka nayo huipokea vilevile. Ikizidi, amri ile hudhoofika. Lakini haidhoofiki ghafla bila taarifa: usingizi hutangulia, pumzi hufuata nyuma. Mgonjwa anayekugombeza kwa maumivu bado yuko salama. Wa kuogopwa ni yule anayesinzia katikati ya jibu lake.

Kwa hiyo ampuli ya miligramu 10 hatuisukumi yote kwenye mshipa. Unachanganya mililita ile moja na tisa za maji ya chumvi, kila mililita ikabeba miligramu moja, halafu unatoa mbili, unangoja dakika tano, unamwuliza, unamtazama, unahesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa yenye mshale. Dakika nzima, si robo dakika uzidishe kwa nne. Pumzi zikishuka chini ya kumi unasimama. Oksijeni iwe karibu, mfuko wa kupumulisha uwe karibu, na naloksoni, dawa inayoifukuza mofini mahali pake, iwe kwenye trei ya dharura. Ukiwa na hayo, dawa hii ni salama kuliko nyingi tunazozigawa bila kufikiri.

Nayajua hayo zaidi kwa kosa langu kuliko kwa vitabu. Ilikuwa Januari 2008, siku zile za ghasia za baada ya uchaguzi, Kibera ikiwaka. Soko la Toi lilikuwa limeteketea, reli imeng'olewa, na wodi yetu ililaza watu wa mapanga, mishale na risasi hadi sakafuni. Nilifanya zamu mbili mfululizo kwa sababu wenzangu hawakuweza kuvuka barabara. Kijana mmoja alirudishwa kutoka chumba cha upasuaji akiugulia tumbo. Karatasi ya daktari ilisema pethidini miligramu 100. Nikafungua kabati, nikaandika, nikapata shahidi, nikadunga. Kila kitu kwa utaratibu, isipokuwa karatasi ya pili, iliyochelewa kufika kutoka chumba cha upasuaji. Hiyo ndiyo iliyosema kwamba nusu saa kabla alikuwa amepewa mofini.

Nilipopita tena nilimwona amelala vizuri mno. Nikamwita, hakuitika. Nikafunua macho: mboni zimejikaza kama ncha ya kalamu. Nikahesabu pumzi. Sita. Midomo ilikuwa inaingia rangi ya majivu. Nilivuta mfuko wa kupumulisha, nikaukaza usoni pake na kuanza kubana, huku nikimwita nesi msimamizi kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuitumia wodini. Trei ya dharura haikuwa na naloksoni. Ilitumika siku mbili nyuma, haikurudishwa. Mhudumu mmoja alikimbia kuichukua chumba cha upasuaji, na kwa muda wote huo mimi nilibana, nikaachia, nikabana, nikiona kifua kikipanda kwa nguvu za mikono yangu.

Nesi msimamizi aliidunga kidogo kidogo. Hakuimwaga yote, maana ukimwamsha mtu kwa kishindo maumivu yote humrudia kwa pigo moja na moyo hushtuka. Kijana alivuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akaomba maji. Mimi miguu ilikuwa imeniisha. Nikaelekea kwenye kiti cha mezani, lakini nesi msimamizi akanishika kiwiko. "Huendi popote. Hii itaisha kabla ya zile alizopewa." Ni kweli: naloksoni hudumu saa moja hivi, wakati mofini na pethidini hudumu kwa saa kadhaa. Saa haijatimia kijana akaanza kusinzia tena, pumzi zikashuka hadi nane, tukamwongezea. Nilikaa kando ya kitanda chake mpaka alfajiri, mkono wangu juu ya kifua chake.

Alipona. Asubuhi niliandika kosa langu lote kwenye ripoti. Kabla ya kwenda kulala nilihakikisha trei ina naloksoni mbili, na tangu siku hiyo sijawahi kuanza zamu bila kuifunua trei hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Kumbe wenzangu wengine walichukua fundisho tofauti. Kwa wiki kadhaa walisema, "Unaona sasa, hizi dawa zinaua," na wagonjwa wa upasuaji wakapewa diklofenaki tu. Waliojeruhiwa vitani wakalia kwa sababu ya karatasi iliyochelewa. Hilo bado linaniuma.

Mwaka uliofuata ndugu yangu alilazwa siku sita mfululizo katika hospitali nyingine. Alikuwa kijana wa miaka 23 sasa, fundi wa simu pale Olympic. Nilipomtembelea siku ya nne niliona vidole vyake vikishtukashtuka vyenyewe juu ya shuka, na mdomo ukicheza pembeni. Nikauliza anapewa nini. Pethidini, kila baada ya saa nne, tangu Jumatatu. Pethidini ikivunjwa mwilini huacha mabaki ambayo figo huchukua muda mrefu kuyatoa. Dawa yenyewe huisha kwa saa chache, mabaki yake hubaki yakirundikana, na yakizidi huchokoza ubongo mpaka mtu anapata degedege. Wenye selimundu, ambao wengi wao figo zimeshadhurika, ndio walio hatarini zaidi. Na naloksoni haisaidii hapo. Niliomba wambadilishie mofini. Nikajibiwa, mbele yake, kwamba huyu ameshakuwa teja, anaijua dawa kwa jina na anaitisha kwa saa.

Bila shaka anaijua kwa jina. Mtu mwenye kisukari anaijua insulini kwa jina, na hakuna anayemwita teja. Nilimwambia daktari wa zamu hivyo, kwa heshima, mara tatu. Mara ya tatu alikuja akatazama vidole, akaandika mofini. Ndugu yangu alinigeukia na kusema kwa sauti ndogo: "Usigombane nao sana. Wewe utaenda nyumbani, mimi nitabaki hapa."

Kwa miaka mingi nilidhani habari hii ni ya sindano peke yake. Jirani yetu mmoja wa Kisumu Ndogo, mama aliyefua nguo za watu Ayany na kuwasomesha wanawe kwa sabuni, alinifundisha vingine. Alipata saratani ya mlango wa kizazi, ikafika mifupani. Wanawe walikuwa wakimleta mtu wa duka la dawa kila jioni amdunge, kwa imani tuliyo nayo sote mitaani, kuanzia Sarang'ombe hadi Kawangware, kwamba dawa isiyopita kwenye sindano si dawa. Alikuwa ametobolewa hadi hakuna nyama ya kutoboa. Nikawaelekeza Nairobi Hospice, iliyo kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta tangu 1990, ilipoanzishwa na muuguzi Mwingereza, Ruth Wooldridge. Walirudi na chupa ya plastiki ya mofini ya kunywa.

Wanawe waliitazama kama maji. Nikakaa nao nikawaeleza: huyu anameza vizuri, hahitaji sindano. Sindano ni ya ajali, ya upasuaji, ya anayetapika, ya asiyeweza kungoja. Kila saa nne anywe kipimo chake bila kungoja maumivu yarudi, na usiku kipimo mara mbili ili alale. Na dawa ya kulainisha choo kila siku, kwa sababu mofini hufunga tumbo na haiachi kulifunga. Niliwaonya jambo moja kwa ukali: nambari ya chupa si nambari ya sindano. Miligramu 30 za kunywa ni sawa na 10 hivi za kudungwa, kwa kuwa nyingi huishia kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu. Mtu akichukua kipimo cha kunywa akakidunga, anaweza kuua. Chupa ilikaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo shingoni mwa kifungua mimba wake, na daftari la shule likiwa ndiyo rejista.

Mama yule aliishi miezi minne zaidi. Aliketi mlangoni akamenya maharagwe na wajukuu. Alipofariki, mwanawe alinikabidhi chupa ikiwa na robo, pamoja na daftari. Mistari yote ilikuwa imejazwa. Chupa niliirudisha mwenyewe.

Wakati huohuo, mwaka 2010, ripoti ya Human Rights Watch kuhusu watoto wa Kenya wanaougua kwa maumivu ilisema kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250 ni saba tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Jirani zetu Uganda walikuwa wameshatutangulia. Dakta Anne Merriman, aliyekuwa Nairobi Hospice mwanzoni mwake, alihamia huko na kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kufikia 2004 Uganda ilikuwa imeruhusu kwa sheria wauguzi waliosomea kazi hiyo waandike mofini. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilipima dunia nzima: katika tani karibu 299 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata sehemu ya kumi ya tani moja. Marekani ilikuwa ikizika watu kwa wingi wa vidonge, sisi tukiogopa kabati lenye ampuli kumi na mbili. Hofu ya kwao tuliiagiza bila ile dawa.

Sisemi hatari haipo. Tramadoli inauzwa mitaani bila karatasi ya daktari, na nimewahi kumkuta muuguzi mwenzangu chooni na ampuli isiyo ya mgonjwa. Kabati lifungwe, ampuli zihesabiwe, kilichobaki kimwagwe mbele ya shahidi. Ninachokataa ni kufunga na kuondoka na ufunguo.

Kwako unayempeleka mgonjwa wako hospitalini: ukiona maumivu hayajashuka, sema, na useme tena. Mwambie nesi kila alichokunywa au kudungwa siku hiyo, pamoja na pombe na dawa za usingizi, na kama ana shida ya figo au kifua. Akishadungwa usiondoke kwenda kupiga simu. Mwite jina. Asipoitika, au pumzi zikiachana sana, au akikoroma kwa namna isiyo yake, piga kelele. Usiongeze chochote ulichokuja nacho mfukoni.

Ndugu yangu sasa anakaribia miaka arobaini. Anameza haidroksiurea, na vipindi vya maumivu vimepungua, ila havijaisha. Mfukoni ana kadi aliyoandikiwa kliniki: jina la ugonjwa, mofini kiasi gani inamfaa, pethidini asipewe. Mara ya mwisho alipolazwa nilifika baada yake. Nesi alikuwa msichana mdogo, pengine mwaka wake wa kwanza kazini. Alikuwa ameshaisoma kadi, ameshafungua kabati, ameshadunga kidogo kidogo. Sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho kwenye saa ya mkononi, midomo ikienda kimya. Sikumkatiza. Nilisimama nyuma yake nikahesabu naye dakika nzima. Zilikuwa pumzi kumi na nne.